Malori ya Madumu

Lori langu lilizuiwa getini tangu chai ya saa nne mpaka wali wa mchana, na lori lenyewe lilikuwa dumu la mafuta ya kula lililokatwa ubavu, lenye magurudumu ya kandambili. Aliyenizuia ni mtoto wa miaka saba aitwaye Ruti. Alisimama nyuma ya mwanzi uliolazwa juu ya mafiga mawili, kofia ya sweta imemfunika mpaka kwenye nyusi, akaniuliza natoka wapi, nimebeba nini, na nyuma yangu kuna gari la nani. Nikamjibu yote. Natoka Dar es Salaam, nimebeba sabuni, nyuma yangu yupo Alinanuswe na gari lake la saruji. Akaitazama foleni yote mpaka mwisho, akarudi, akasema nisubiri.

Nikasubiri. Mtu mzima akishaingia kwenye mchezo wa watoto pale hatoki mpaka aruhusiwe. Hiyo ilikuwa sheria ya mama wa nyumba ile, na ni habari za huyo mama ninazotaka kuwasimulia.

Anaitwa Atuganile. Nyumba iko Mpemba, kabla hujaingia Tunduma mjini, mpakani na Zambia, nyumba ya kanisa, ya matofali ya kuchoma, na wakati ule ilikuwa na watoto kumi na mmoja waliofiwa na wazazi. Barabara kubwa iko karibu kiasi kwamba malori ya kweli yakipiga honi vikombe vinatetemeka kabatini. Mimi ni fundi viatu wa kutembea. Itaka, Vwawa, Tunduma, nikipata lifti hata Chitete, natandika gunia langu popote penye miguu ya watu. Pale Mpemba nilikuwa nafika kila mwezi kushona viatu vya shule na mipira, na kandambili zilizokufa kabisa nilikuwa nawaachia watoto wakate magurudumu.

Atuganile hakuja pale kulea, alikuja kupika. Miaka kumi na minne alikuwa akiuza wali na chai kwa madereva waliokwama foleni, beseni kichwani, chupa mbili za chai mikononi. Alijua dereva gani hali pilipili, na nani ana mke Morogoro na mwingine Ndola. Mumewe alifariki mapema, na mtoto hawakujaaliwa. Kanisa lilipofungua ile nyumba, wazee wakamwomba awe mpishi, kwa kuwa mkono wake ulijulikana barabara nzima.

Alinisimulia kwamba wiki ya kwanza alipika kuliko alivyowahi kupika maishani mwake. Watoto wakala, wakamaliza, wakaosha sahani, halafu wakaenda kukaa ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake kitu.

"Nikaogopa, babu," aliniambia. "Watoto kumi, jioni inafika hakuna kesi hata moja."

Kesho yake alijaza matambara ndani ya soksi, akaifunga ikawa mpira, akasimama katikati ya uwanja akawaambia wamlenge. Mchezo wa rede kila mtoto anaujua, lakini wale siku nyingi walikuwa wanamlenga kwa adabu, kama wanampa shikamoo. Mpaka siku moja kadogo kanakoitwa Ikupa kakarusha kwa hasira, mpira ukampiga mama usoni. Atuganile akaanguka chali vumbini, mikono huku na huku, akasema haamki mpaka aombewe. Watoto wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani kama walivyoona kanisani, wakaomba huku wanacheka, mmoja akakemea ugonjwa wa soksi utoke. Akaamka. Jioni hiyo kesi zilikuwa sita.

Tangu hapo akawa anapika na anacheza. Alfajiri kabla hajawasha moto alimtajia Mungu kila mtoto kwa jina lake na kwa shida yake, huyu anakojoa kitandani, huyu anaficha chakula chini ya godoro. Mchana alikwenda kucheza na hao hao aliowaombea. Mzee Yesaya, mzee wa kanisa aliyesimamia nyumba, mtu mwema lakini mkali kwenye mambo ya heshima, hakupendezwa. Siku moja alikuja na mgeni akakuta uwanja umenyamaza, watoto wanacheza kombolela wamejificha kila mahali. Akasimama karibu na pipa la maji lililokuwa tupu akauliza kwa sauti mama Atuganile yuko wapi. Pipa likamjibu, "Shikamoo mzee."

Mgeni alicheka mpaka akaomba kiti. Mzee Yesaya hakucheka. Alipeleka neno kwenye baraza kwamba mama mjane wa miaka arobaini na nane mahali pake si ndani ya pipa. Atuganile aliitwa, akaenda, akawaambia wazee kwamba ile sala ya alfajiri anaisikia Mungu peke yake, watoto wanakuwa wamelala, na yeye anataka watoto nao wasikie kitu. Wakamwacha.

Mchezo wa boda, yaani wa mpakani, ulianzishwa na Brayan, mwenye miaka kumi, aliyekulia sokoni Tunduma. Yeye alikuwa ajenti wa forodha, kadi ya boksi imening'inia kifuani, na kazi yake kubwa ilikuwa kumwambia kila dereva kwamba mtandao hakuna. Ikupa alibadilisha fedha, kwacha zilikuwa majani ya parachichi na shilingi majani ya kahawa. Mwingine alipima magari kwenye mizani ya ubao. Mhuri ulikuwa nusu kiazi uliochovywa masizi. Ukitoka upande wa pili unasalimia "mulishani" kama Wazambia, ukitoka upande huu unasema mambo vipi. Foleni ilikuwa ikienda vizuri tu, mpaka Ruti akapewa geti.

Baba yake Ruti alikuwa dereva, Andongwisye, mwenyeji wa Itaka. Mama yake Ruti alifariki akimzaa, na Andongwisye alimlea mtoto kwenye chumba cha kupanga Tunduma. Akisafiri, alimwacha kwa jirani. Safari ya mwisho gari lake lilipinduka mbele ya Nakonde, upande wa Zambia. Mwili ukaletwa ukazikwa Itaka kwa mama yake, Bibi Enesi. Ruti hakupelekwa mazikoni, wala hakuambiwa. Ndiyo desturi yetu, mtoto mdogo anaambiwa baba amesafiri, akikua atajijulia mwenyewe. Kabla matanga hayajaanuliwa Bibi Enesi akateleza kwenye shamba la kahawa akavunjika mguu. Akaliomba kanisa limshikie mjukuu mpaka aweze kutembea.

Basi Ruti aliletwa Mpemba na mfuko wake wa nguo. Jioni ya kwanza alimuuliza Atuganile baba yuko wapi. Atuganile alikuwa na mwiko mkononi, watoto kumi wanamngoja, na huyu mgeni midomo imeanza kutetemeka. Akamwambia baba yuko foleni.

Tunduma hilo ni jibu la kila siku. Kila nyumba ina mtu foleni. Gari linaweza kukaa siku tatu, linaweza kukaa wiki mbili, na hakuna anayeshangaa. Ruti alikausha macho, akala, akalala. Asubuhi akaomba kazi ya geti.

Ndiyo maana lori langu la sabuni lilikwama. Kila gari aliuliza nani yuko nyuma yake. Aliangalia foleni mpaka mwisho, na kwa kuwa aliyemtaka hakuwemo, hakufungua. Alinanuswe alimwambia saruji yake imeshaganda. Brayan akasema huyu ofisa apelekwe likizo. Wenzake walimwomba, walimtania, siku moja walimpitia pembeni, akalia mpaka wakarudisha magari yote nyuma wakajipanga upya. Miezi mitatu ilipita namna hiyo.

Alhamisi hiyo, siku ya sikukuu na shule zimefungwa, nilipokwisha kuruhusiwa kwenda kula tu, Atuganile alikuja kukaa karibu na gunia langu, mikono mitupu, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Bibi Enesi alikuwa amepiga simu. Mguu umepona, Jumamosi anakuja kumchukua mjukuu. Ruti alipoambiwa alikuwa amejibu kwamba haendi. Akiondoka, baba akifika nani atamfungulia?

Na kaburi la Andongwisye, Atuganile akaendelea, liko nyuma ya nyumba ya bibi, jina limeandikwa msalabani, na Ruti anajua kusoma.

Nilimshauri kizee, kwamba amwachie bibi mwenyewe amwambie, ni damu yake. Mzee Yesaya alikuwa ameshamshauri vilevile, na kuongeza kwamba mtoto wa miaka saba haambiwi msiba. Atuganile alitikisa kichwa.

"Uongo niliupika mimi, babu. Siwezi kumwachia bibi wa watu mwenye mguu mbovu aupakue."

Akaniambia kinachomtia hofu. Haogopi bibi wala baraza. Anaogopa kwamba Ruti akishajua, hatamwamini tena yeye, wala yale aliyomfundisha juu ya Mungu, kwa sababu yote yametoka kwenye mdomo ule ule. Na akienda Itaka kwa kuburutwa, atakaa ukutani kwa bibi yake kama wale walivyokaa siku za kwanza. Alikuwa na kesho tu.

Ijumaa watoto walipotoka shule wakapanga magari. Nami nilikuwa nafasi ya tatu. Atuganile akatokea jikoni anavuta dumu jeupe, tupu, akajipanga nyuma kabisa. Watoto walifurahi, mama leo dereva. Aliomba wenzake wampishe, na kwa kuwa ni mpishi wakampisha. Akafika getini, akapiga magoti urefu wake ukalingana na wa ofisa.

"Mulishani," akasema.

Ruti akauliza anatoka wapi. Upande wa pili. Amebeba nini? Hajabeba mzigo. Nyuma yake kuna gari la nani?

Atuganile aliiweka chini kamba ya dumu lake.

"Nyuma yangu hakuna gari, mwanangu. Sasa sichezi, nasema kweli. Siku ulipofika nilikwambia baba yuko foleni. Nilikudanganya. Baba yako amekufa. Gari lilipinduka Zambia, akafa pale pale. Amezikwa Itaka, kwa bibi."

Brayan alivua kadi yake ya boksi.

"Wewe ndiye ulisema foleni," Ruti akasema.

"Mimi. Nilikosa. Naomba unisamehe, na usiponisamehe leo nitakuomba tena kesho."

Ruti alichimba ardhi kwa kidole cha mguu. Kisha akauliza gari lilibeba nini. Ngano, Atuganile akasema, hilo alilisikia. Ruti akafikiri.

"Na hapa mpakani? Nani alimfungulia geti?"

"Sijui. Sikuwepo, na sitakutungia. Kesho bibi anakuja, tutamuuliza."

Hapo ndipo mtoto alipolia, kilio kirefu ambacho kilikuwa kimesubiri miezi mitatu. Ikupa akaja akakaa karibu naye, akaanza kumlilia mama yake mwenyewe, na Alinanuswe wa kwake, mpaka wote. Mimi niliinamia kiatu. Atuganile aliwakusanya wote waliomtosha mikononi na wengine wakamshika nguo, akaomba. Sala yenyewe haikuwa na mapambo. Alimwambia Bwana Yesu kwamba hapa Mpemba tumekasirika, tunawataka baba zetu na mama zetu, na kwa kuwa yeye naye alilia kwa ajili ya rafiki yake, aje akae nasi hapa hapa chini.

Walipomaliza kupenga makamasi, Alinanuswe akauliza kwa sauti ndogo kama sasa geti litafunguliwa, maana yeye ana saruji. Ruti, macho mekundu, akamjibu kwamba hapiti mtu mpaka bibi afike. Basi malori yote yakalala pale pale, na lile la mama.

Nilikuwa niondoke asubuhi, sikuondoka. Nilijikuta nina viatu vingi sana vya kushona.

Bibi Enesi aliletwa saa tano na Mzee Yesaya kwa pikapu yake. Mwanamke mrefu, mkongojo mkononi, khanga mpya mabegani. Ruti alimpokea mkoba, akamwamkia. Bibi akambusu, akaanza maneno aliyokuja nayo, kwamba mjukuu wangu, baba yako amepata kazi ya mbali, huko Kongo.

"Bibi, baba amekufa," Ruti akasema. "Naomba uniambie nani alimfungulia geti."

Bibi Enesi aliinua macho, akawapita watoto wote, akatua kwa Atuganile. Akamuuliza nani amemtuma. Ukoo wao una wazee, na wazee walishakubaliana mtoto aambiwe nini. Mzee Yesaya alikohoa, akatazama matairi ya gari lake. Atuganile alisema hakutumwa na mtu. Alimdanganya mtoto wao, akamwomba msamaha, na sasa anamwomba bibi naye vivyo hivyo. Hakuongeza kitu.

Nadhani bibi angesema jambo zito, alishavuta pumzi. Lakini Ruti alikuwa bado amesimama mbele yake, mkoba kifuani, anasubiri jibu. Bibi akatafuta pa kukaa, akaletewa ndoo, akakaa. Mkongojo akaulaza chini.

"Nilikwenda mwenyewe kumpokea baba yako mpakani," akasema. "Mchana. Malori yalikuwa yamejaa pande zote, nikasema leo tutalala hapa na mwanangu. Madereva waliposikia ni mwenzao, walishuka mmoja mmoja. Wakavua kofia. Wakasogeza magari pembeni, mpaka ikapatikana njia katikati. Geti tulilikuta limeinuliwa."

"Hakupanga foleni?"

"Hata dakika moja hakupanga."

Ruti aliyaweka yale maneno mahali pake, nilimwona anayaweka. Kisha akampa bibi mkoba wake, akaenda getini. Mwanzi ule ulikuwa mzito kwake, lakini alikataa kusaidiwa. Akauinua, akauegemeza ukutani, akarudi akasimama pembeni, akavua kofia ya sweta.

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Miezi mitatu ya foleni ilipita kwa mkupuo mmoja, honi za midomo, madumu yanagongana, saruji na sabuni na ngano, Brayan anakimbia mbele anatangaza mtandao umerudi. Kulikuwa na dumu moja lililobaki bila dereva, lile jeupe la mama, kwa kuwa mama alikuwa anafuta macho. Mzee Yesaya alilitazama, akatutazama, akaokota kamba. Alilivuta taratibu, kama anatembea na sadaka, akapita getini, na alipofika upande wa pili akajisahau akapiga honi.

Mfuko wa Ruti ulikuwa tayari, lakini alitoa sharti moja, kwamba wote waende naye wakamwone baba. Bibi Enesi alisema kwa kawaida watoto hawapelekwi makaburini. Alisema hivyo, akamwangalia mjukuu, akauliza hiyo pikapu inabeba wangapi.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Pikapu ilikwenda safari mbili mpaka Itaka, na mimi nilikwenda kwa kuwa ni njia yangu. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya kahawa na mparachichi, udongo bado mwekundu. Ndugu walikuwa wamekaa barazani, na walipoona watoto kumi na mmoja wanakimbilia kaburini walinyanyuka. Bibi Enesi aliwanyooshea mkongojo wakae.

Ruti alisoma jina msalabani, herufi moja moja. Kisha akaanza kumjulisha baba yake watu, sauti ile ile ya getini.

"Baba, huyu ni Brayan, ajenti. Anasema mtandao hakuna, na upo. Huyu Ikupa, anabadilisha fedha, ana mkono mzito ukicheza naye rede. Huyu Alinanuswe, saruji yake imeganda."

Watoto wakacheka, na yeye akacheka, pale pale kaburini, na barazani nilisikia mtu anaguna halafu na yeye anacheka. Alimtaja kila mmoja, na mimi, na Mzee Yesaya aliyevua kofia. Mwisho akamshika Atuganile mkono akamvuta mbele.

"Na huyu ni mama. Alidanganya, halafu akasema kweli."

Atuganile alijaribu kuomba, sauti ikamkatika, Mzee Yesaya akamalizia kwa maneno machache, na yeye ni mtu wa sala ndefu.

Bibi alikuwa amepika kande. Lakini kande zilikuwa bado motoni, na watoto wamekwisha kuona jinsi kahawa ya Itaka ilivyo na maficho mengi. Wakamwambia mama afumbe macho ahesabu. Wakatawanyika, mashina yakawameza mmoja mmoja, mpaka kikabaki kimya chenye vicheko ndani yake. Ruti hakwenda shambani. Alitazama huku na huku, akajipenyeza nyuma ya bibi yake barazani akachuchumaa. Na Bibi Enesi, pamoja na mguu wake mbovu, akasogea kidogo, akaitandaza khanga yake mpya pande zote mbili, akatazama mbinguni kama mtu asiyejua lolote.